Usalama wa Ndege Huanzia Nje ya Uwanja



Tarehe 15 Mei 2003 Serikali ya Uingereza iliyapiga marufuku mashirika ya ndege ya nchi yake kwenda Kenya, kwa kuhofia shambulio la kigaidi. Marufuku hayo yaliondolewa mwishoni mwa Juni. Katika muda huo hakuna ndege iliyoshambuliwa, lakini abiria walikwama na biashara ya utalii ikapata hasara. Hofu peke yake ilitosha kuwakosesha watu riziki.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Tarehe 28 Novemba 2002, siku iliposhambuliwa hoteli ya Kikambala, makombora mawili yalifyatuliwa kuelekea ndege ya shirika la Arkia la Israel ilipokuwa ikipaa kutoka Mombasa na abiria 261. Yote mawili yaliikosa, na ndege ikatua salama Tel Aviv.

Kombora la aina hiyo hubebwa begani na hufyatuliwa kutoka nje ya uwanja. Mashine ya kukagulia mizigo ya abiria haiwezi kulizuia. Kwa hiyo ulinzi wa ndege haumalizikii kwa askari wa langoni. Unawahusu pia wakaazi wa shehia zinazouzunguka uwanja.

Zanzibar ni nchi ya visiwa, na wageni wake wengi wa mbali huja kwa ndege. Safari zikisitishwa, wanaoumia ni mpishi, dereva, mkulima wa mboga na muuza viungo.

Kwa sababu hiyo, mambo matatu yanasisitizwa. Kwanza, mwananchi anayeona mzigo au mwenendo wa kutia shaka karibu na uwanja amjulishe Sheha au Polisi mara moja, bila ya kujichukulia sheria mkononi. Kinachotiliwa shaka ni kitendo. Sura, kabila, dini au mavazi ya mtu si ushahidi. Pili, watumishi wa Serikali wasieneze uvumi kuhusu safari kufutwa; taarifa za kutegemewa ni zile za shirika la ndege na mamlaka zinazohusika. Tatu, msafiri, hasa anayetoka Pemba kwa meli kuja kupanda ndege Unguja, apate uthibitisho wa safari yake kabla ya kuondoka nyumbani, na ahifadhi tiketi yake endapo atahitaji kudai haki yake.

Tahadhari kabla ya athari.