Punda Naye Avishwe
(Maelezo ya kamati ya ushonaji siku ya kutimiza miaka kumi)



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mmeshazisikia kwa mweka hazina. Sisi wa ushonaji tumeombwa tueleze vile vitambaa vya punda, maana maneno yamekuwa mengi. Watu wanauliza: hata punda anavaa maua?

Ndiyo, anavaa, na sababu tunazo.

Huku kwetu kati, kiangazi kikishika maji yako mbali. Punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80. Asipobeba yeye ni kichwa cha mama, dumu moja moja, safari nne. Afya ya punda ndiyo afya ya shingo zetu.

Sasa nzi ndio adui. Hunywa machozi ya mnyama, macho yakavimba. Wakitua penye kidonda cha matandiko au nira huacha viluwiluwi vya minyoo, kidonda kikakataa kupona. Wakulima wa Ulaya waliwavika farasi wao wa kazi vitambaa vya uso vyenye matamvua. Kwetu farasi hawakuenea, sababu mojawapo ni ndorobo inayoletwa na mbung'o, kwa hiyo mzigo ni wa punda. Tukasema, mbona kudarizi tunajua? Vitambaa vya makochi tumedarizi tangu usichana.

Kazi yenyewe si ngumu. Tunatumia pamba, si nailoni, kwa sababu ya joto. Kitambaa kinakaa kwenye paji la uso, chini kina matamvua. Punda akitikisa kichwa, nyuzi zinafukuza nzi. Macho yabaki wazi aone njia. Kisikazwe, usiku kivuliwe, na kifuliwe. Tuseme kweli: maua hayafukuzi nzi. Ni urembo, tena ni alama, punda wasichanganywe kisimani. Wala kitambaa si dawa. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, na punda apumzishwe mpaka apone.

Wapo wanaosema pesa hiyo ingenunua sare za watoto. Jamani, punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ukimpoteza, kumrudisha ni kazi. Miaka ya 2010 hapa hapa Dodoma palikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Hilo ni la viongozi, tunawashukuru. Vidonda na nzi ni juu yetu wenyewe.

Ombi letu kwa mkutano ni moja: mfuko wa jamii ukubali kukopesha pesa ya matibabu ya punda, kama unavyokopesha akiugua mtu nyumbani. Mjadili, mpige kura.

Akina mama hoyee! Punda hoyee!