Vumbi Halimfichi Mtu Mbele ya Mungu

Fungu la kusoma: Isaya 40:26-31

 

Hapa Bunia tunajua vumbi. Wakati wa jua kali, kamio moja ikipita kwenye barabara ya Komanda, mtu anayetembea nyuma yake haoni tena kitu. Nyumba zipo, miti ipo, watoto wanaotoka shule wapo. Lakini macho yanashindwa. Je, kwa sababu huwaoni, wamepotea?

Nauliza hivi kwa ajili ya mama mmoja aliyekimbia kijiji chake huko Djugu, akaja kukaa kambini. Nilimtembelea pamoja na wandugu wa maombi. Akasema: "Pasta, mtoto wangu wa kwanza alibaki njiani. Ni mwaka wa tatu, sina habari yake. Nafikiri Mungu ametusahau katika hesabu yake." Nikajibu haraka, "Mama, Mungu anajua," nikaomba, nikaenda. Neno lilikuwa la kweli, lakini nililisema kama mtu anayekimbia mvua. Leo nataka kumjibu vizuri zaidi.

Isaya alisema na watu kama yeye. Walitolewa makwao, wakalalamika kwamba njia yao imefichika, Mungu haioni tena. Kabla ya kugusa lalamiko lao, nabii aliwaambia watazame nyota. Basi na sisi tutazame.

Usiku usio na mwezi, toka nje. Utaona mkanda mweupe unaokata mbingu. Ule ni galaksi yetu, mkusanyiko wa nyota zaidi ya miliari 100, na jua letu ni moja tu kati yake. Ndani ya mkanda kuna mabaka meusi. Si matundu. Ni vumbi, na nyuma yake nyota zinawaka.

Mbali sana kuna galaksi nyingine zilizojaa vumbi hata darubini za kawaida haziwezi kuona vizuri umbo lake. Lakini katika jangwa la Atacama, nchi ya Chile, kwenye mwinuko wa metre 5.000 hivi, kuna paraboli 66 zinazofanya kazi pamoja. Chombo hicho kinaitwa ALMA. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Japani, Takafumi Tsukui na Satoru Iguchi, walieleza walichokiona kwa chombo hicho: galaksi BRI 1335-0417, ambayo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka miliari 12 kabla ya kutufikia. Ina mikono inayozunguka, kama maziwa unapokoroga chai. Wengi walidhani galaksi za wakati ule wa mwanzo zilikuwa bado fujo tupu. Mwaka 2022 darubini ya James Webb nayo ikaonyesha mikono katika galaksi nyingine za zamani, ambazo kwanza zilionekana kama doa tu.

Waliwezaje? Vumbi linameza mwanga wa nyota, linapata joto, kisha linatoa mawimbi ya namna nyingine, ambayo macho hayaoni. Gesi iliyo ndani nayo inatoa mawimbi yake. Hayo yanapenya. Wewe unayesikiliza redio hii huku umefunga madirisha kwa sababu ya vumbi, unaelewa vizuri.

Ndugu mmoja ataniuliza juu ya hesabu ile ya miaka. Tusigombane leo. Fungu letu linatuuliza ni nani aliyeumba hivi vyote, na sisi jibu tunalo.

Tuchukue mambo matatu.

Kwanza, kufichika si kupotea. Galaksi ile ilikuwa na umbo lake kabla ya mtu yeyote kuliona. Isaya anasema Mungu anaita kila nyota kwa jina, wala hakuna inayokosa. Ikiwa ni hivyo kwa nyota, je, mtoto wa mama yule?

Pili, ndani ya vumbi kazi inaendelea. Nyota mpya huzaliwa katika mawingu ya gesi na vumbi. Na Mwanzo 2:7 inatukumbusha Mungu alianza na nini alipomfanya mtu. Wandugu, sisemi vita ni kazi ya Mungu. Kuua ni dhambi, na damu itaulizwa. Nasema tu kwamba vumbi la vita halimzuii Mungu kufanya kazi yake.

Tatu, tujifunze kusikiliza. Ili kuona umbo lile, paraboli nyingi zilielekezwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mimi nilimpa mama yule dakika tano.

Nilirudi kwake. Safari hii niliuliza jina la mtoto. Alilia, kisha akanieleza habari zake saa nzima: alivyocheka, alivyopenda kuchunga mbuzi. Mtoto hajarudi. Lakini wakati wa kuachana mama alisema, "Sasa mko wawili mnaojua jina lake, wewe na Mungu."

Kanisa, juma hili tafuta mtu mmoja aliyepotelewa na wake. Uliza jina. Liandike. Liombee kila siku.

Tuombe. Baba, wewe unayeona ndani ya vumbi, wakumbuke watu wa Ituri, mmoja mmoja, kwa majina yao. Uwape nguvu waliochoka kungoja. Kwa jina la Yesu, amina.