Mawese, Majivu na Magome: Vichocheo vya Upole katika Usanisi wa Kikaboni, kwa Kuutazama Mwambao wa Gitaza na Rumonge

Usanisi wa kikaboni ni sehemu ya kemia inayoshughulika na kuunda molekuli zilizojengwa juu ya atomi za kaboni, ziwe za dawa, za rangi, za manukato au za sabuni, kwa kufungua vifungo vya molekuli zilizopo na kufunga vingine mahali pake. Tangu Friedrich Wöhler alipopata urea katika maabara mwaka 1828, bila figo wala mnyama, kazi hiyo imefanywa mara nyingi kwa mabavu, yaani kwa moto mkali, shinikizo kubwa, asidi zinazounguza, vimumunyisho vinavyolipuka na metali nzito ambazo, zikimaliza kazi, humwagwa. Mhadhara huu unahusu njia nyingine, ile ya kuendesha mimenyuko katika joto lisilozidi sana lile la mchana wa jua, ikiwezekana ndani ya maji, kwa msaada wa kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa bila chenyewe kuliwa. Njia hiyo si anasa ya maabara za nchi tajiri. Mwambao wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika una malighafi yake na mifano yake ya kila siku, na una sababu ya kuihitaji kuliko sehemu nyingi za dunia.

Kitu hicho kidogo ndicho kichocheo, na aliyekipatia jina la kitaalamu, mwaka 1835, ni Mswidi Jöns Jacob Berzelius, ingawa maelezo yaliyonyooka ya tabia yake yalikuja baadaye kwa Wilhelm Ostwald, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1909. Kichocheo hakibadilishi mwanzo wala mwisho wa mmenyuko. Kinachobadilika ni njia ya kati. Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge analielewa jambo hili kwa miguu yake, kwa kuwa pale Gitaza milima inashuka karibu kabisa na maji, na kama isingekuwepo Barabara ya Taifa namba 3 iliyobanwa kati ya mlima na ziwa, ingempasa kupanda hadi kileleni na kushuka tena ili afike mahali palepale. Mlima huo ndio kile ambacho wanakemia hukiita nishati ya kuanzisha, yaani kiasi cha nguvu ambacho molekuli hudaiwa kabla hazijakubali kubadilika, na barabara ya chini ndiyo kichocheo, kwani hupitwa na maelfu nayo hubaki. Mfano huo unafaa hata katika udhaifu wake. Udongo ukiporomoka pale Gitaza magari husimama, na vivyo hivyo sulfuri kidogo ikigandama juu ya kichocheo cha nikeli huziba nafasi ambazo molekuli zilikuwa zikishikia, mmenyuko ukasimama. Hali hiyo huitwa sumu ya kichocheo.

Thamani ya kichocheo huonekana pale taka zinapohesabiwa. Mwaka 1992 Roger Sheldon alipendekeza kipimo sahili mno, nacho ni kilo ngapi za taka huzalishwa kwa kila kilo moja ya bidhaa. Usafishaji wa mafuta ya petroli, ambao watu huudhania kuwa mchafu kuliko yote, ulitoa taka chini ya gramu 100 kwa kilo, ilhali viwanda vya dawa, vyenye sifa ya usafi, vilitoa kilo 25 hadi zaidi ya 100. Sababu kubwa ni kwamba watengenezaji wa dawa walizoea kutumia vitendanishi vinavyoliwa, kwa vipimo vinavyolingana na malighafi au kuizidi, mahali ambapo kichocheo kingetosha. Paul Anastas na John Warner walipochapisha kanuni 12 za kemia ya kijani mwaka 1998, kanuni ya tisa ilihusu jambo hilo moja, kwamba kichocheo ni bora kuliko kitendanishi kinachoisha.

Tunda la mchikichi, ambalo Rumonge ndiyo makao yake makuu nchini Burundi, linalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya chuo. Mawese kwa sehemu kubwa ni trigliseridi, yaani molekuli ya gliseroli, ambayo dukani huitwa glisirini, iliyoshikana na mikia mitatu mirefu ya asidi za mafuta. Asilimia 44 hivi ya mikia hiyo ni ya asidi ya palmitiki, na chini kidogo ya hapo ni ya asidi ya oleiki. Kiwanda kinachotaka kuipasua molekuli hiyo kwa maji matupu hutumia mvuke wa nyuzi 250 za Selsiasi chini ya shinikizo la angahewa 50, ndani ya minara ya chuma kizito. Tunda lenyewe huifanya kazi hiyohiyo kivulini, kimyakimya, likiwa limelala juu ya lundo. Ndani ya nyama yake kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha protini kilichoundwa na kiumbe hai, kiitwacho laipesi. Tunda likiwa zima, kimeng'enya na mafuta havikutani, kwa maana kila kimoja kimefungiwa mahali pake. Likiangushwa, likipondeka au likiiva kupita kiasi, kuta hupasuka, vikakutana, na asidi za mafuta zikaanza kuachiliwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2013 watafiti waliitambua jeni inayotoa laipesi hiyo, na wakaonyesha kuwa ipo michikichi ambayo kwa asili matunda yake hayana kasi hiyo ya kuharibika.

Mkamuaji anayeichemsha mikungu yake kabla ya kukamua anafanya, kwa lugha ya kemia, tendo la kukiua kichocheo, kwa kuwa joto hukunjua protini na kimeng'enya kilichokunjuka hakifanyi kazi tena. Anayeiacha siku tatu au nne akingoja zamu ya mtambo anakipa kichocheo muda wa kufanya kazi, na mafuta yake yatakwaruza koo na kushushwa bei, kwani biashara ya kimataifa huweka kikomo cha asilimia 5 ya asidi huru. Yaani kile ambacho maabara za Ulaya hununua kwa fedha nyingi, kimeng'enya kinachopasua esta, yaani kile kifungo cha gliseroli na mkia wake, katika joto la kawaida, mwambao wa Rumonge unakijua kama hasara.

Kutoka hapo mawese hufuata njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa, na kuzitenganisha ni jambo la msingi. Njia ya kwanza ni sabuni. Kilo moja ya mawese hudai gramu 142 hivi za kostiki soda ili igeuke sabuni yote, na soda hiyo haibaki, kwa kuwa sodiamu yake huingia ndani ya sabuni yenyewe. Hapa soda ni kiungo, si kichocheo. Njia ya pili ni kubadilishana esta, ambapo mikia mitatu huhamishwa kutoka kwenye gliseroli na kushikizwa kwenye methanoli, ili kupata mafuta mepesi yanayoweza kuendesha injini, yaitwayo dizeli ya mimea, pamoja na glisirini ipatayo sehemu moja ya kumi kwa uzani. Hapo soda ileile huhitajika gramu 10 tu kwa kilo, kwa nyuzi 60 na kwa muda wa saa moja hivi, kwa sababu sasa ni kichocheo cha kweli, kinachofungua molekuli moja na kwenda kwa nyingine. Chupa ni ileile, unga mweupe ni uleule, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa, na mwanafunzi aliyeiona tofauti ya gramu 142 na gramu 10 kwenye mizani hatasahau tena maana ya neno kichocheo.

Njia hiyo ya pili ina kasoro ambayo haifai kufichwa. Mafuta yakiwa na asidi huru zaidi ya asilimia 2 au 3, soda huzikimbilia asidi hizo kwanza na kuzigeuza sabuni, mchanganyiko ukawa mzito kama uji, na kazi ikaharibika. Laipesi haina tatizo hilo. Ikibandikwa juu ya punje za plastiki ili iweze kuchujwa na kutumika tena, huzipokea asidi huru na trigliseridi kwa pamoja, katika joto la nyuzi 30 hadi 50, ambalo kwenye mwambao huu ni joto la pipa lililoachwa juani. Mafuta yaliyochacha, ambayo mlaji huyakataa, hurejea kuwa malighafi. Hata hivyo methanoli ni sumu inayopofusha macho na kuua, na karibu yote hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, kwa hiyo upole wa joto peke yake hauifanyi njia kuwa endelevu. Wala si haki kuyachoma kwenye injini mafuta mazuri ambayo familia ingepikia. Hoja hii inahusu yaliyoharibika na yaliyokwisha kukaangia.

Yapo pia mabavu ya zamani ambayo dunia sasa inayaacha. Paul Sabatier, aliyeshinda Tuzo ya Nobeli mwaka 1912, aligundua kuwa nikeli iliyosagwa laini huipandisha haidrojeni juu ya molekuli za kikaboni, na Wilhelm Normann, kwa hataza ya mwaka 1902, akaitumia mbinu hiyo kuyagandisha mafuta ya maji yawe siagi ya kiwandani. Katika nyuzi 150 hadi 200, hata hivyo, baadhi ya mikia haipokei haidrojeni bali hugeuzwa umbo tu, ikawa yale mafuta ya transi yanayoumiza moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe katika chakula. Mawese, kwa kuwa huganda nusu yenyewe, hayahitaji nikeli ili kupakwa kwenye mkate. Laipesi huweza kuipanga upya mikia yake kwa nyuzi 70 hivi bila kuzalisha hata chembe ya transi. Burundi ina nikeli nyingi ardhini huko Musongati, na siku itakapochimbwa itakuwa na kazi nyingi za maana, lakini kugandisha mafuta ya kula isiwe mojawapo.

Katika metali adimu hesabu ni ngumu zaidi. Paladi, ambayo kwa kuunganisha kaboni na kaboni iliwapatia Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki Tuzo ya Nobeli mwaka 2010, huchimbwa zaidi Urusi na Afrika Kusini, na bei yake haiendani na mfuko wa chuo cha kawaida. Mmenyuko wa Suzuki hudai pia besi, yaani kitu cha jamii ya soda kilicho kinyume cha asidi, na kwa desturi hufanyika ndani ya kimumunyisho cha kikaboni kilichopashwa moto. Mwaka 2015 watafiti wa Assam, nchini India, walichapisha kazi ambayo kila mwenye shamba la migomba anapaswa kuisikia: walikausha maganda ya ndizi, wakayachoma, wakayaloweka majivu katika maji na kuyachuja, na ndani ya maji hayo mmenyuko wa Suzuki ulikamilika katika joto la chumba, bila besi nyingine wala kimumunyisho cha kikaboni. Paladi kidogo bado ilihitajika, lakini besi ilitoka jikoni. Majivu ya ndizi yana chumvi za potasiamu zenye nguvu ya besi, na katika nchi ambayo mgomba uko nyuma ya karibu kila nyumba ya kijijini, ni kitu kinachopeperushwa na upepo kila siku.

Magome nayo yana habari yake. Upande wa pili wa bonde la Ruzizi, mjini Bukavu, kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikichuja kwinini kutoka magome ya msinkona unaolimwa Kivu. Watu wanaijua kwinini kama dawa chungu ya malaria; wanakemia wanaijua pia kama kichocheo. Molekuli nyingi za dawa huja kwa sura mbili zinazofanana kama kiatu cha kushoto na cha kulia, na mwili huvaa kimoja tu, kingine kikawa bure au madhara. Mwaka 1912 Georg Bredig na mwenzake Fiske walionyesha kuwa kwinini huchochea mmenyuko kwa kupendelea sura moja, na ndugu yake kwinidini, inayotoka kwenye magome yaleyale, hupendelea ya pili. Upendeleo huo ulikuwa mdogo mno, na ulingoja miongo mingi kabla ya kukuzwa. Mwaka 2000 Benjamin List na David MacMillan, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha kuwa molekuli ndogo za kikaboni zisizo na metali, kama asidi amino ya prolini, huweza kuichagua sura moja kwa usahihi mkubwa, nao wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Vichocheo vya jamii ya kwinini leo vimo katika maabara za kila bara, na gome hukua umbali wa siku moja ya gari kutoka Gitaza.

Sababu ya mwambao huu kuhitaji upole kuliko mingine iko mbele ya macho ya kila anayesimama Gitaza. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, nchi nne zinanywa na kuvua humo, na mlango wake wa kutokea ni mto mmoja, Lukuga. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kupanda angani, na maji yanayopanda angani hayaondoki na chumvi, metali wala soda. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa Rumonge hakina pa kwenda isipokuwa walipo samaki, mukeke na ndagala. Mkataba wa mwaka 2003 wa usimamizi endelevu wa ziwa hili, uliotiwa saini Dar es Salaam na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ulikwisha kulikubali jambo hilo kwa lugha ya sheria. Kwa lugha ya kemia linatekelezwa kwa kupima taka za kila mmenyuko, kuanzia mazoezi ya mwaka wa kwanza ya maabara, na kuyaandika matokeo kando ya kiasi cha bidhaa.

Wakamuaji wa mwambao hawana haja ya kungoja maabara yoyote. Mikungu iliyokatwa asubuhi ichemshwe siku hiyohiyo, mafuta yaliyochacha yatengwe kwenye pipa lake badala ya kuchanganywa na mazuri, na majivu ya makapi yawekwe mahali pakavu, kwa sababu vyote vitatu vina kazi.