Foklifti ghalani: mnyororo huvuta, hausukumi

Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wapakiaji, madereva na wasimamizi wa maghala, wadi ya Shieywe

 

Kaunti yetu ni ya miwa na mahindi. Msimu wa kupanda ukikaribia, mbolea huja kwa malori, na paleti moja yenye magunia 20 ya kilo 50 ina uzito wa tani nzima. Tani hiyo ikiwa juu ya kichwa cha mtu, ni vyema mtu huyo ajue imeshikwa na nini.

Ule mnara wa chuma ulio mbele ya foklifti huitwa mlingoti. Ule wa kawaida una fremu mbili, moja ndani ya nyingine. Fremu ya nje imefungwa kwenye gari. Huinamishwa mbele au nyuma, lakini haipandi. Fremu ya ndani ndiyo hupanda, ikiteleza kwa magurudumu madogo. Ndani yake kuna kigari kinachoshika yale meno mawili yanayobeba paleti.

Nguvu hutoka kwa mafuta. Pampu huyasukuma ndani ya silinda, pistoni hupanda, na fremu ya ndani hupanda nayo. Lakini pistoni haigusi meno. Kinachoinua meno ni minyororo, kwa kawaida miwili sambamba. Ncha moja ya mnyororo imefungwa mahali pasipopanda. Kisha mnyororo hupita juu ya kapi, kama lile la mlingoti wa bendera shuleni, na ncha ya pili hushika kigari. Tofauti ni kwamba kapi hili hupanda pamoja na fremu. Likipanda mita 1, meno hupanda mita 2. Faida hiyo ina bei yake: kwa mzigo wa tani 1, pistoni husukuma tani 2, bila kuhesabu uzito wa vyuma vyenyewe.

Kuna pia milingoti ya fremu tatu, ambayo hufika juu zaidi ingawa ikishushwa ni mifupi. Mingi ina silinda fupi ya katikati inayoinua meno kwanza, kabla fremu hazijaanza kupanda. Ndiyo sababu foklifti hiyo hufanya kazi ndani ya kontena bila kugonga paa. Baadaye silinda za kando husukuma fremu ya kati, na minyororo mingine huivuta fremu ya ndani.

Sasa tuangalie kushusha, maana hapa ndipo watu huumia. Dereva akishusha, hakuna kinachovuta meno chini. Vali hufunguliwa, mafuta hurudi kwenye tangi, na mzigo hushuka kwa uzito wake. Mnyororo huvuta, hausukumi. Tuseme kona ya paleti imekwama kwenye rafu wakati wa kushusha. Fremu huendelea kushuka, mnyororo hulegea, na tani nzima hubaki imeegemea ubao wa rafu. Mtu akiigonga ili kuikwamua, huporomoka ghafla mpaka mnyororo ukaze. Mkono ulioko hapo husagwa.

Kwa hivyo, ukiona mnyororo umelegea ilhali meno yako juu, usiguse chochote. Ondoka, uwaondoe wenzako. Dereva ainue kwanza mpaka mnyororo ukaze, ndipo aondoe paleti pale ilipokwama. Na siku zote, mtu asisimame chini ya meno wala asipandishwe juu yake kubadilisha balbu.

Kila asubuhi, dereva aangalie kama mnyororo una kutu, pini zilizotokeza au bamba zilizopasuka, na kama yote miwili imekaza sawa. Kipande kilichokuwa sentimita 100 kikiwa kipya kikifika 103, mnyororo ubadilishwe; usikatwe pingili ili urudi urefu wake. Mafuta yakivuja, usipapase kwa mkono, kwa sababu mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Tumia kipande cha kadibodi.

Soma pia kibao cha uzito. Foklifti ya tani 2.5 haibebi tani 2.5 kila mahali. Mzigo ukisogea mbele kwenye meno, au ukipanda juu sana, uwezo hupungua. Mzigo ukiwa juu, usiinamishe mlingoti mbele isipokuwa unauweka kwenye rafu, tena polepole.

Mwisho ni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amweleze msimamizi wake hatari kubwa anayoiona kazini. Mpaka hatari hiyo iondolewe, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi mahali hapo. Najua kibarua huogopa kusema asije akakosa malipo ya siku. Wasimamizi mlio hapa, waambieni vibarua wenu leo, kwa maneno yenu wenyewe, kwamba anayesema mnyororo umelegea hatafukuzwa.