Wasichana Wetu na Mpira wa Pete



Tulipozungumza juu ya karo za shule, mzee mmoja aliuliza kwa nini chama kimsaidie msichana ambaye kila jioni yumo uwanjani akirusha mpira. Swali lile lilikuwa la haki, nasi hatukulijibu vema. Leo twajaribu tena.

Mchezo wenyewe, netiboli, wengi wetu hapa Nakuru twaujua: wasichana saba kila upande, hapana ruhusa ya kukimbia na mpira, na pete iko juu futi kumi. Lisilojulikana sana ni kwamba tangu mwanzo mchezo huu umekuwa mikononi mwa walimu. Ulikulia Uingereza katika miaka ya 1890, katika chuo cha Bibi Martina Bergman-Österberg kilichohamia Dartford mwaka 1895. Chuo hicho kiliwafunza wanawake kuwa walimu wa mazoezi ya viungo. Kanuni zilichapishwa mwaka 1901, na waliohitimu walipokwenda kufundisha, mchezo ulifuatana nao. Mchezaji, kocha na mwalimu walikuwa mtu mmoja. Katika shule zetu nyingi za Bonde la Ufa wangali mtu mmoja: mama anayefundisha hesabu asubuhi ndiye apulizaye filimbi jioni, na mshahara, wazee mtatusamehe, ni ule ule.

Sasa mtazameni Bi. Peace Proscovia wa Uganda, mzaliwa wa Arua. Michezo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Ndejje. Mwaka 2015 aliiongoza timu ya nchi yake kama nahodha katika Kombe la Dunia huko Sydney, kisha akaenda Loughborough, Uingereza, ambako alicheza na kusoma pamoja. Hakuacha kitabu kwa ajili ya mpira, wala mpira kwa ajili ya kitabu. Mwaka 2019, angali nahodha, Uganda ilikuwa ya 7 duniani huko Liverpool. Mwaka 2023 ikawa ya 5 huko Cape Town. Sisi wa Kenya hatukuwako.

Kwa hiyo twaiomba kamati isimwondoe msichana yeyote katika orodha ya karo kwa sababu ya kucheza. Na fedha zikibaki, tununue mipira miwili. Nguzo zitatoka katika mikaratusi yetu wenyewe, na pete mbili kwa fundi wa chuma hazitatushinda.