Kamio yetu: tupime kwanza, tusoude nyuma



Shasi ya kamio ya chama iko ndani ya lupango. Sasa tunataka kujenga karoseri: mbele chumba cha kulala watu wanne, nyuma nafasi ya kubeba pikapu ya mteja. Wenye walilala kwenye mstari wa Kasumbalesa wanajua kwa nini tunataka kitanda.

Lakini makuta ni ya likelemba, basi tupime. Kamio hii hairuhusiwi kupita kilo 7,500 kwa jumla. Tukiijengea mabati manene, ikiwa tupu itafika 5,200. Zinabaki 2,300. Pikapu ni 1,900, watu wanne 280. Zinabaki 120 tu kwa maji, vyombo na chakula. Ndiyo maana tunaomba mabomba membamba ya mraba na mbao, hata kama mabati ya zamani ni bei rahisi.

Fundi asisoude karoseri kwenye shasi wala kuitoboa ovyo. Aifunge kwa bolti za U na aweke ubao katikati, maana shasi inajinyonga barabarani. Mbele ya kusoude, atoe waya za betri.

La mwisho: ndani ya chumba, mbabula hapana, jenereta hapana, hata kama kuko baridi ya mwezi wa 6. Ile hewa ya makaa haionekani, hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Tulirudi nyumbani wazima. Tubakie wazima.