Ufunguo wa Mtandao wa Nyumbani: Ushikwe na Nani, Uhifadhiwe Wapi

Matini ya mazungumzo na wakazi wa kata kuhusu utunzaji wa nywila za vifaa vya nyumbani

Mkulima wa korosho hawezi kuacha magunia yake uani usiku kucha bila mlinzi, wala hawezi kumkabidhi mpita njia ufunguo wa stoo. Hata hivyo, mkulima huyo huyo anaponunua ruta ya waifai, mara nyingi huiwasha, hufurahia kasi yake, kisha huiacha na nywila zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Mlango wa stoo una kufuli, lakini mlango wa mtandao umebaki na ufunguo unaoning'inia nje.

Ruta huwa na nywila mbili, na wengi huijua moja tu. Ya kwanza ni ile ambayo simu au televisheni huiomba ili kuunganishwa na mtandao. Ya pili ni ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Anayeijua anaweza kubadili nywila ya kwanza, kuwafungia nje wenye nyumba na kuona ni vifaa gani vimeunganishwa. Zote mbili huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, na katika ruta nyingi ile ya pili ni neno jepesi linalofahamika duniani kote. Kamera za ulinzi nazo huwa na nywila zake. Kamera iliyofungwa ili kumwona mwizi, ikiachwa na nywila ya kiwandani, yaweza kumwonyesha mwizi ni saa ngapi nyumba haina mtu.

Dunia imekwisha kuonja gharama ya jambo hili. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka katika intaneti ikitafuta kamera na ruta, ikajaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, jozi zipatazo 60 tu. Orodha hiyo ilitosha kuteka vifaa vingi mno. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo hawakuwa wahalifu. Wengi walikuwa watu wa kawaida ambao vifaa vyao vilibaki na nywila za kiwandani. Uingereza baadaye ilitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayokataza kuuza vifaa vya namna hiyo vikiwa na nywila ya kiwandani iliyo rahisi kukisiwa.

Hapa nchini, mkazi ana sababu nyingine ya kuwa makini. Ruta nyingi za majumbani hutumia laini ya simu, na laini husajiliwa kwa alama za vidole na Namba ya Kitambulisho cha Taifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mwingine bila ruhusa. Lakini mtu asiyejulikana akitumia mtandao wa nyumba kutenda kosa, upelelezi waweza kuanza kwa kubisha hodi kwa yule ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake. Mwenye duka, nyumba ya wageni au kibanda cha kuonyeshea mpira, ambaye nywila yake imebandikwa ukutani, ajiulize ni wangapi wameibeba na kuondoka nayo. Ruta nyingi zina nafasi ya kufungua mtandao wa wageni wenye nywila yake. Wateja wapewe huo, na vifaa vya biashara vibaki kwenye mtandao mwingine.

Je, nywila njema ni ipi? Ruta nyingi za sasa hukubali nywila yenye herufi kuanzia 8 hadi 63. Urefu ndio nguvu yake kuu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, humshinda mkisiaji kuliko neno moja lililopambwa kwa alama. Mkazi anaweza kuchanganya neno la Kiswahili, la Kimwera na la Kiyao. Aepuke jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu na jina la timu anayoishabikia. Shabiki wa Namungo hujulikana mtaa mzima. Hakuna haja ya kuibadili kila mwezi. Ibadilishwe mpangaji anapohama, mfanyakazi anapoondoka, au simu inapopotea.

Hapo ndipo swali la kuhifadhi linapokuja. Wengi wamefundishwa kwamba nywila haiandikwi kamwe. Kwa ruta na kamera, kuandika kwenye daftari si kosa. Anayetaka kuuvamia mtandao yuko barabarani au nchi ya mbali. Hawezi kufungua kabati la chumbani. Daftari likae pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, likiwa na jina la kifaa, nywila zake zote mbili na tarehe zilipobadilishwa. Mwenye nywila nyingi anaweza kutumia programu maalumu ya kuzihifadhi ndani ya simu, mradi simu yenyewe iwe imefungwa. Kisichofaa ni kupiga picha karatasi ya ruta na kuituma kwenye kundi la familia, kwani picha husambazwa na simu huuzwa.

Namba ya siri ya pesa katika simu ni jambo tofauti. Anayeitafuta hiyo mara nyingi yuko karibu: ameishika simu, au amepiga akijifanya mhudumu. Hiyo haiandikwi pembeni ya simu wala haitajwi kwa yeyote, hata kwa wakala. Msimu wa malipo ya korosho unapofika, na ujumbe wa "tuma ile hela kwenye namba hii" ukaingia, mkazi asijibu. Auripoti kwa kuutuma kwenda namba 15040. Anayetaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake apige *106#.

Jambo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Katika nyumba nyingi, kijana mmoja ndiye aliyefunga ruta, televisheni na kamera, na nywila zote zimo kichwani mwake. Siku akienda Dar es Salaam kutafuta maisha, au Mungu akimchukua, wazazi hubaki na vifaa visivyowasikiliza. Kwa ruta, tiba ipo: kuna tundu dogo nyuma yake ambalo likibonyezwa kwa ncha ya kalamu kwa sekunde kadhaa, nywila za kiwandani hurejea, na kazi huanza upya. Lakini akaunti ya kamera au barua pepe haifunguki kirahisi namna hiyo, na picha za familia zaweza kupotea nayo. Kwa hiyo watu wazima wawili katika kila nyumba wajue daftari liko wapi.

Ndugu wananchi, kazi hii haihitaji fundi wala fedha. Jioni moja inatosha: ruta igeuzwe, karatasi isomwe, nywila mbili zibadilishwe, daftari lifunguliwe, na mtu wa pili aonyeshwe kabati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.